Patterson: Mhandisi wa Tsavo aliyekumbukwa kwa simba, akasahauliwa kwa daraja

KILA msafiri anayetumia barabara kuu kati ya Mombasa na Nairobi anaufahamu mji wa Mtito Andei. Mji huo wa kaunti ya Makueni umo karibu katikati ya safari, nao umekuwa kituo cha mabasi na malori tangu zamani. Hapo abiria hushuka kunyoosha miguu na kunywa chai, na hapo pana lango la mbuga ya wanyama ya Tsavo Magharibi.

Nchi inayouzunguka mji huo ni kame. Kwa miezi mingi ya mwaka mito yake huwa mchanga mtupu, na wenyeji huchimba mchanga huo ili kupata maji ya kunywa na ya kunyweshea mifugo. Hata hivyo, mvua inaponyesha katika vilima vya mbali, mkondo uliokuwa mkavu asubuhi unaweza kuwa mto wenye ghadhabu kabla ya jua kutua.

Wakazi wa Makueni na jirani zao wa Kitui hawahitaji kufunzwa jambo hilo. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu, karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Maji yalikuwa yamekwisha kulifunika daraja basi hilo lilipojaribu kuvuka.

Zaidi ya miaka 120 kabla ya msiba huo, mhandisi mmoja kutoka ng'ambo alipewa kazi ya kujenga daraja katika nchi hiyo hiyo kame. Jina lake lilikuwa John Henry Patterson. Ulimwengu unamkumbuka kama mtu aliyewaua simba wawili waliokula watu huko Tsavo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hakuletwa Afrika Mashariki kuwinda. Aliletwa kuuvusha mto, na namna alivyoifanya kazi hiyo ina maana kubwa leo kwa miji inayofurika kila msimu wa mvua.

Kutoka Ireland hadi Tsavo

Patterson alizaliwa Novemba 10, 1867, huko Forgney nchini Ireland, wakati kisiwa hicho chote kilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Alijiunga na jeshi akiwa kijana, akapelekwa India. Huko alipata ujuzi wa kusimamia kazi za ujenzi na akajifunza lugha ya Kihindustani, jambo lililomfaa sana baadaye. Mnamo 1895 alimwoa Frances Helena Gray, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Ireland kupata shahada ya sheria.

Wakati huo Uingereza ilikuwa imeamua kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Mhandisi mkuu wa mradi huo, George Whitehouse, alitua Mombasa mwezi Desemba 1895, na ujenzi ukaanza mwaka uliofuata. Takriban vibarua na mafundi 32,000 waliletwa kutoka India kwa muda wote wa ujenzi, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini, wengi wao kwa maradhi. Waafrika waliobeba mizigo, waliofyeka misitu na waliochimba udongo hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama huo.

Patterson aliwasili Mombasa mwanzoni mwa Machi 1898, akiwa na umri wa miaka 30. Baada ya siku chache alipewa amri ya kwenda Tsavo, maili 132 kutoka pwani, mahali ambapo reli ilikuwa imefika. Alitakiwa kujenga daraja la kudumu juu ya mto Tsavo na kukamilisha kazi nyingine zote za reli kwa umbali wa maili 30 kila upande wa mto. Kwa upande wa bara, sehemu hiyo iliishia jirani na mahali ulipo mji wa Mtito Andei.

Kikosi kikubwa cha wajenzi wa reli hakikumngoja. Kilivuka mto kwa daraja la muda na kuendelea kutandika vyuma kuelekea Kibwezi na Makindu, kikimwachia Patterson mamia machache ya watu katikati ya pori la miiba.

Daraja lililopimwa kwa gharika

Mto Tsavo ni tofauti na mito mingine mingi ya sehemu hiyo. Hupata maji yake kutoka upande wa mlima Kilimanjaro na chemchemi za Mzima, hivyo haukauki. Mtu anayeutazama wakati wa kiangazi huona mto wa kiasi tu, wenye maji baridi yanayopita upesi kati ya miti. Angeweza kudhani kwamba daraja dogo lingetosha.

Patterson hakudhani hivyo. Kabla ya kuchimba msingi hata mmoja, alipima umbo la bonde la mto juu na chini ya mahali palipochaguliwa. Alikadiria kasi ya mkondo na kiasi cha maji katika hali tatu: mto ukiwa umepungua, ukiwa wa kawaida na ukiwa umefurika. Ni baada ya kupata hesabu hizo ndipo alipoweka alama za mahali pa kusimamisha nguzo na kuamua ukubwa wa nafasi kati ya nguzo moja na nyingine.

Kwa msomaji asiye mhandisi, huenda hilo likaonekana jambo dogo. Kwa hakika ndilo jambo kubwa kuliko yote. Daraja hubeba treni kila siku, lakini kuanguka kwake huamuliwa na siku moja tu, siku ya gharika. Ajengaye kwa kipimo cha maji ya kiangazi hujenga kitu kitakachosimama mpaka mvua itakapokuja.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Nguzo mbili za katikati zilisumbua sana, kwa sababu maji yalivunja kingo mara kadhaa na kujaza mashimo ya misingi. Ilibidi mto uzibwe upya na maji yavutwe kwa pampu kabla ya waashi kuendelea. Mawe ya kufaa nayo hayakuonekana kwa muda mrefu, hata Patterson akakaribia kukata tamaa. Hatimaye aliyapata kwa bahati katika korongo moja alipokuwa akiwinda kanga, na reli ndogo ya toroli ikatandikwa ili kuyafikisha mtoni.

Vifaa vya kunyanyulia vyuma vizito havikuwapo. Patterson alibuni mtambo sahili wa kuinulia mawe. Mihimili ya chuma yenye urefu wa futi 60 aliivusha juu ya nguzo za muda zilizopangwa kwa mataruma ya mbao, kisha ikashushwa taratibu mpaka ikakaa juu ya nguzo za mawe. Njia hiyo iliokoa muda na gharama.

Uhusiano wake na wafanyakazi haukuwa mzuri wakati wote. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi na kibarua wa kawaida rupia 12, na Patterson aliamini kwamba wengi waliojiita waashi hawakuwa na ujuzi huo. Alipoanzisha malipo kulingana na kazi iliyofanywa, baadhi yao walikasirika na kula njama ya kumwua. Mwezi Septemba 1898 aliponea chupuchupu mikononi mwao, baada ya kuwakabili na kuwasemesha kwa lugha yao.

Simba waliosimamisha kazi

Kisa cha simba kinajulikana kote duniani. Tangu mwezi Machi hadi Desemba 1898, simba wawili wa kiume wasio na manyoya marefu shingoni walikuwa wakivamia kambi za wafanyakazi usiku na kuwaburuta watu kutoka mahemani. Boma za miiba, mioto na kelele za madebe havikuwazuia.

Mnamo Desemba 1 wafanyakazi wengi walichoka kungoja kifo. Walisimamisha treni iliyokuwa ikielekea pwani, wakaipanda na kuondoka, na ujenzi ukakwama kwa muda wa wiki tatu hivi. Habari hizo zilifika hadi bunge la Uingereza, ambako waziri mkuu, Lord Salisbury, aliwaeleza wakuu wenzake kwamba kazi ya reli ilikuwa imezuiwa na simba.

Patterson alimwua simba wa kwanza Desemba 9, 1898, na wa pili kabla ya mwaka huo kwisha. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1907 alisema kwamba Wahindi 28 waliliwa, pamoja na Waafrika ambao hesabu yao haikuwekwa. Baadaye alitaja idadi kubwa zaidi, 135. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2009, ambao ulichunguza mifupa na manyoya ya simba hao, ulikadiria kwamba walikula watu wapatao 35. Ngozi na mafuvu yao aliyauza mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, Marekani, ambako simba hao wanaonyeshwa hadi leo.

Mtihani wa maji

Wafanyakazi waliporejea, daraja lilikamilishwa upesi mwanzoni mwa 1899. Haukupita muda kabla ya mtihani wake kufika.

Kulingana na masimulizi ya Patterson, mvua kubwa ilinyesha na mto Tsavo ukaanza kupanda huku watu wakiutazama. Maji yaling'oa miti, yakabomoa kingo na kusomba kila kilichokuwa njiani. Juu ya daraja jipya palikuwa na madaraja mawili ya muda yaliyotumiwa kuvusha toroli za mawe. La kwanza lilizolewa, likaligonga la pili, na lundo lote la mbao na vyuma likasukumwa na mkondo kuelekea kwenye nguzo za mawe.

Nguzo zilitikiswa lakini hazikuanguka. Mabaki yale yalipita katika nafasi iliyoachwa kati ya nguzo, yakaendelea na safari kuelekea mto Galana na bahari. Madaraja mawili yalikuwa yamejengwa kwa kipimo cha kazi ya siku chache, na la tatu kwa kipimo cha gharika. Mto wenyewe ndio uliotoa hukumu.

Nairobi: mji juu ya kinamasi

Baada ya Tsavo, Patterson alisonga mbele na reli. Mnamo Mei 30, 1899, vyuma vilifika katika uwanda ambao Wamaasai waliuita mahali pa maji baridi. Whitehouse alipachagua kuwa makao makuu ya reli kwa sababu za kihandisi ambazo zilikuwa na maana. Palikuwa tambarare, palikuwa na maji, na ndipo mahali pa mwisho penye nafasi ya kutosha kabla ya reli kuanza kupanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa.

Kwa kambi ya muda ya reli, mahali hapo palifaa. Kwa mji mkubwa, palikuwa na kasoro iliyoonekana wazi. Uwanda huo ulikuwa kinamasi kilichopokea maji kutoka miinuko ya magharibi. Udongo wake mweusi wa mfinyanzi huvimba unapolowa na kukataa kupitisha maji, hivyo mvua kubwa hutuama juu yake. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong hupita humo ikielekea mashariki, ambako ardhi ni ya chini zaidi.

Patterson alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuugeuza uwanda huo mtupu kuwa mji wa reli. Barabara na madaraja yalihitajika, nyumba na karakana zikajengwa, maji ya bomba yakaletwa, na yote hayo yakifanyika maili 327 kutoka dukani ambako hata msumari mmoja ungeweza kununuliwa. Kazi ilikwenda mbio. Wafanyabiashara wa Kihindi nao walijenga soko lao, likakua haraka kama uyoga baada ya mvua.

Katika haraka hiyo, swali lililoulizwa Tsavo halikuulizwa Nairobi. Katika mto mmoja, mhandisi alipima gharika kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Katika uwanda ambao baadaye ungekaliwa na mamilioni ya watu, karakana, soko na nyumba zilitangulia, na njia za maji machafu na ya mvua zikaachwa zifuate baadaye.

Moto badala ya mitaro

Matokeo hayakuchelewa. Tauni ilipozuka katika soko lile, Patterson aliwapa wenyeji wake muda wa saa moja tu kuondoka, kisha akalichoma moto lote bila kungoja idhini ya wakubwa wake. Baadaye alieleza kwamba alikaripiwa kidogo, lakini akaona kwamba alikuwa amefaulu kuukomesha ugonjwa.

Haiwezekani kulisimulia tendo hilo kama ushindi tu. Walioishi katika soko lile hawakuchagua kinamasi, waliwekwa hapo. Walipoteza maduka na makazi kwa saa moja, ilhali mahali penyewe pakabaki pale pale, pakiwa na udongo ule ule na maji yale yale. Tauni ilirudi tena Nairobi katika miaka iliyofuata, na soko likachomwa tena mwaka 1902.

Madaktari wa serikali walianza mapema kulalamika kwamba mji ulikuwa umewekwa mahali pasipofaa. Baadhi yao walitaka uhamishwe. Whitehouse na wenzake hawakukubali, na kadiri majengo yalivyoongezeka ndivyo gharama ya kuhama ilivyopanda. Mwaka 1905, makao ya serikali yalipohamishwa kutoka Mombasa, kuuhamisha mji kulikuwa kumezidi kuwa vigumu.

Mnamo 1913 alikuja Profesa William Simpson, mtaalamu wa afya ya miji, kuichunguza hali hiyo. Taarifa yake ilizungumzia mitaro na usafi, lakini ilipendekeza pia kwamba watu watengwe makazi kulingana na rangi zao. Wazungu walikuwa na miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Makazi ya Waafrika yalikuja kuwekwa mashariki, kwenye ardhi ya chini ambako maji ya mji mzima huelekea. Ramani ya mafuriko ya Nairobi ya leo ilianza kuchorwa wakati huo.

Miaka ya baadaye

Patterson hakuyaona hayo kwa karibu. Mkataba wake ulipokwisha alirudi Uingereza, akapigana katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini na kupata nishani. Alirejea Afrika Mashariki mwaka 1907 kama mkuu wa idara ya wanyamapori. Mwaka 1908, mwenzake mmoja, Audley Blyth, alifariki kwa risasi katika safari ya porini aliyoiongoza, na ingawa uchunguzi haukumtia hatiani, uvumi ulimfuata hata akaiacha kazi hiyo.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliongoza kikosi cha Wayahudi kilichobeba mizigo kwa nyumbu huko Gallipoli mwaka 1915, kisha kikosi cha askari wa Kiyahudi huko Palestina mwaka 1918. Kutokana na kazi hiyo anaheshimiwa sana nchini Israel. Alifariki Juni 18, 1947, huko California, Marekani. Mnamo Desemba 2014 majivu yake na ya mkewe yalizikwa upya nchini Israel.

Mwanawe, Bryan Patterson, hakufuata uhandisi wala jeshi. Alikuwa mtaalamu wa mabaki ya kale, akafanya kazi katika jumba lile lile la makumbusho la Chicago lililonunua simba wa baba yake. Katika miaka ya 1960 aliongoza wachimbaji huko Kanapoi, Turkana, ambako mwaka 1965 kilipatikana kipande cha mfupa wa mkono wa kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu.

Filamu iliyotengenezwa Marekani mwaka 1996 iliwafanya simba wa Tsavo wajulikane zaidi. Daraja lenyewe limebaki kuwa mandhari tu ya hadithi ya uwindaji.

Funzo kwa miji ya leo

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliharibu barabara na madaraja sehemu nyingi za Kenya. Mvua za masika za 2024 zilileta maafa makubwa zaidi katika jiji la Nairobi. Mwezi Aprili mwaka huo mto Mathare ulivunja kingo usiku na kuzoa nyumba za mabati, na mitaa ya Mukuru ikageuka ziwa. Nchini kote, zaidi ya watu 250 walifariki kabla ya msimu huo kwisha.

Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yalishuka kwa ghafla na kufagia vijiji karibu na Mai Mahiu, yakiwaua zaidi ya watu 45. Awali ilidhaniwa kwamba bwawa limepasuka. Wizara ya maji ilieleza baadaye kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na miti, mawe na udongo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likashindwa kuyahimili. Tuta hilo ni la reli iliyotoka Tsavo na Mtito Andei. Hapo ilionekana kwamba njia ya maji huhitaji kupimwa vyema siku ya kujengwa, na kusafishwa kila mwaka unaofuata.

Mhandisi anayebuni mtaro au kalvati la mji huuliza mambo yale yale yaliyoulizwa Tsavo: eneo linalomwaga maji yake hapo lina ukubwa gani, mvua kali zaidi inayotarajiwa ni ipi, na maji yatachukua muda gani kufika. Shamba likifunikwa kwa mabati, saruji na lami, jibu la mwisho hubadilika kabisa. Maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo au kutembea polepole kati ya nyasi hufika mtoni kwa dakika chache, yote kwa pamoja. Kalvati lililotosha miaka 40 iliyopita huwa kizibo, hasa likijaa mifuko na taka.

Ndiyo maana kupanua mitaro peke yake hakutoshi. Yahitajika mabwawa ya kuyapokea maji ya gharika na kuyaachilia polepole, na maeneo ya wazi yanayoruhusu maji kuzama ardhini. Kingo za mito nazo hazina budi kuachwa bila majengo. Wakulima wa Makueni na Kitui wana elimu ya aina hiyo tayari. Mabwawa yao ya mchanga hukatiza kasi ya maji ya ghafla katika mito ya msimu na kuyahifadhi ndani ya mchanga kwa matumizi ya kiangazi.

Jijini Dar es Salaam, mradi wa bonde la Msimbazi uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022 ulipangwa kwa fikra hiyo. Mradi huo unahusu daraja la juu zaidi pale Jangwani, kupanuliwa kwa mkondo, bustani inayoweza kufurika bila hasara, na kuwalipa fidia wakazi wa bondeni kabla ya kuhamishwa.

Nairobi ilichukua njia nyingine mwaka 2024. Serikali iliamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na tingatinga zikabomoa maelfu ya nyumba huko Mathare, Mukuru na kwingineko kwa notisi fupi. Familia ziliahidiwa Sh10,000 kila moja. Mnamo Machi 2025 ulizinduliwa mradi wa kuufufua mto Nairobi, uliokadiriwa kugharimu Sh50 bilioni. Hakuna anayeweza kukana kwamba kingo za mto si mahali salama pa kulala mtoto. Hata hivyo, aliyehamishwa bila kuonyeshwa pa kwenda hurudi, kwa kuwa kazi yake, shule ya wanawe na kodi anayoweza kuimudu vimo mle mle bondeni.

Kwa hiyo maisha ya Patterson yameacha mifano miwili, na wapangaji wa miji hawana budi kuchagua. Upo mfano wa soko la Nairobi, ambapo watu waliondolewa kwa saa moja na tatizo la ardhi yenyewe likaachwa. Upo pia mfano wa daraja la Tsavo, ambapo maji yaliulizwa kwanza yanahitaji nafasi kiasi gani, kisha ujenzi ukafuata jibu lao. Wa kwanza ulimpatia sifa ya ukali. Wa pili ulistahimili gharika.

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Mvua inayoangukia mapaa ya Nairobi hushuka hadi mto Athi, ikapita kati ya Makueni na Kitui mashariki ya Mtito Andei, kisha ikakutana na maji ya mto Tsavo yaliyokwisha kupita chini ya reli. Kwa pamoja huwa mto Galana, ambao karibu na Malindi huitwa Sabaki na kuingia Bahari ya Hindi. Maji hayo hayatabadilisha safari yake kwa sababu ya ramani ya jiji. Jiji ndilo linaloweza kubadilika, na msimu wa mvua unaofuata hauko mbali.